Bad Black: Filamu ya Wakaliga Tunayoidharau Bure

Ukitaja filamu za Wakaliga mbele ya vijana wa Kampala, jibu ni moja: "Aa, zile za Captain Alex!" Watu wanacheka, stori inaishia hapo. Ni kweli, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ndiyo iliyoijulisha dunia kwamba kuna mtu anaitwa Nabwana I.G.G., fundi aliyekuwa akifyatua matofali, anayetengeneza filamu za vita mtaani kwake kwa bunduki za mbao na vyuma chakavu. Lakini sisi tunasema filamu yake tamu kuliko zote ni Bad Black, ya 2016. Na sisi wakimbizi, pamoja na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, ndio tungetakiwa kuiangalia wa kwanza.

Kwa asiyeijua: Bad Black ni msichana aliyekulia ghetto. Utotoni anateswa na mtu anayewatumikisha watoto. Akikua, anakuwa bosi wa genge lake mwenyewe. Upande mwingine kuna Dokta Ssali, Mmarekani mpole aliyekuja kutibu watu. Anaibiwa, anabaki hana kitu. Anayemwinua ni nani? Si polisi, si ubalozi. Ni mtoto wa mtaani anayeitwa Wesley Snipes, ambaye anaamua kumfundisha ukomando ili akafuate vitu vyake.

Umaskini, watoto wanaofanya kazi ngumu, wizi, damu: mambo yenyewe ni mazito. Na bado unacheka mpaka mbavu zinauma, maana juu ya picha kuna sauti ya VJ Emmie anayewatania wote, kama vile MaVJ wanavyofanya kwenye vibanda vya video hapa mjini.

Wengi wanaona milipuko na utani tu, hawaoni waigizaji. Hebu muangalie Nalwanga Gloria, anayecheza Bad Black. Hachekichekei kamera. VJ anatania, risasi zinalia, yeye uso ni ule ule wa mtu aliyezoea kutoomba. Ndiyo maana utani unashika: bila huo uzito wake, ingekuwa fujo tu.

Dokta anachezwa na Alan Hofmanis, aliyekuja kutoka New York mwaka 2011 kumtafuta Nabwana. Kazi yake humu ni kuchekwa, na anakubali kabisa. Muzungu aliyezoea kuwa shujaa wa kila picha, hapa anachanganyikiwa, anaporwa, anaamrishwa. Na anayemwamrisha ni Kasule Rolean, yule mtoto Wesley Snipes. Mdogo kwa mwili, lakini anaongea kama afande wa jeshi, na unamwamini. Kule Texas, kwenye tamasha la Fantastic Fest, watazamaji waliipa filamu hii tuzo yao. Kutoka Nsambya mpaka Wakaliga ni boda tu, unapita Kibuye na Ndeeba, lakini wangapi kati yetu wameiona yote?

Sasa kwa nini tunalileta jambo hili hapa? Kwa sababu sisi tumezoea kuonyeshwa kwa namna moja. Mkimbizi kwenye bango ni mtoto anayelia. Mkimbizi kwenye ripoti ni "kesi". Ukiitwa kwenye semina unaulizwa ulipita wapi, ulipoteza nani, na ukitoka kidogo kwenye huzuni wanaona huna shida. Polepole hata sisi tunajifunza kuongea hivyo, maana tumeona stori ya machozi ndiyo inayoandikwa.

Bad Black inakataa hiyo namna. Shida haifichi, iko pale mbele ya macho. Ila maskini wa humo ana akili, ana hasira, ana ujanja, na ana haki ya kuchekesha. Na mwenye kuja kusaidia anajua vitu vyake, lakini kuna vitu hajui, na vinajulikana na mtoto wa pale pale. Ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba msione kama tunawasema vibaya. Cheka kwanza, halafu jiulize: kwenye programu yenu, Wesley Snipes ni nani, na mara ya mwisho mlimsikiliza lini?

Kuna watakaosema kucheka mateso si heshima. Tunaelewa. Anayecheka akiwa mbali, ameshiba, huyo anatudhihaki. Lakini filamu hii ilitengenezwa na watu wa mtaa wenyewe, wakicheza kwenye nyumba na njia zao. Mwenye kidonda ana ruhusa ya kukitania. Sisi wenyewe tukikaa jioni tukikumbuka mipaka tuliyovuka, si huwa tunacheka? Na hakuna anayesema tumesahau waliobaki.

Udhaifu upo pia. Dokta akishaanza kisasi, Bad Black anasukumwa pembeni kidogo, na bunduki kubwa inaishia mikononi mwa muzungu. Tungependa stori ibaki kwake mpaka mwisho. Hilo tulijadili, tena lizue ubishi, kwa sababu filamu inayobishaniwa ndiyo inayofundisha.

Ombi letu ni dogo. Mwenye projekta na ukumbi, mara moja weka kando zile video za mafunzo, utuwekee Bad Black. Tualike vijana wa Kongo, Sudan Kusini, Burundi, Somalia na majirani zetu Waganda, na wafanyakazi wa mashirika wakae katikati yetu, si kwenye viti vya mbele. Tukimaliza kucheka, tuulizane: tukipewa kamera sisi, tungejicheza vipi?