Ukipenda, chongo huita kengeza: Mapenzi ya chapa na hatari ya bunduki

Wahenga waliponena kwamba ukipenda, chongo huita kengeza, yamkini hawakuwa na bidhaa za madukani akilini. Hata hivyo, msemo huo unawafaa wanunuzi wa leo kama ulivyowafaa wapenzi wa kale. Katika nyumba nyingi humu nchini, sabuni yoyote ya unga huitwa Omo, na mafuta yoyote ya kupikia yaliyoganda huitwa Kimbo, hata kama yametoka katika kiwanda kingine kabisa. Jina limekuwa kubwa kuliko kitu chenyewe. Madhara yake si makubwa, kwani mnunuzi akikosea atapoteza shilingi chache tu, na nguo zitatakata vivyo hivyo.

Lakini je, mapenzi ya aina hiyo yakielekezwa kwa chombo kilichoundwa kuua, mambo huwaje?

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kutazama Marekani. Hapa kwetu, Sheria ya Silaha imemwekea raia masharti mazito, na wengi wetu tutaishi na kufa bila kuingia katika duka la bunduki. Kule mambo ni tofauti. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka wa 2018 kwamba raia wa Marekani walikuwa na bunduki takriban milioni 393, idadi inayozidi ile ya watu wenyewe. Raia huingia dukani na, baada ya rekodi yake kukaguliwa, huchagua bastola jinsi mtu wa huku achaguavyo redio. Palipo na soko kubwa namna hiyo hapakosi majina makubwa, na palipo na majina makubwa hapakosi mashabiki.

Kambi mbili zinajulikana zaidi. Ya kwanza ni ya wapenzi wa bastola iliyobuniwa na John Browning na kutengenezwa na kampuni ya Colt, iliyoingia jeshini mwaka wa 1911 na kutumika kama bastola rasmi ya jeshi hadi mwaka wa 1985. Ni ya chuma kitupu, ni nzito, na kasha lake la kawaida huchukua risasi saba. Kwa wapenzi wake, hiyo ndiyo bastola ya baba na babu, bastola ya vita viwili vikuu vya dunia. Kambi ya pili ni ya wafuasi wa Glock, bastola ya Gaston Glock wa Austria, ambaye kiwanda chake kilikuwa kikitengeneza vyuma vya kutundikia mapazia na visu kabla ya jeshi la nchi yake kuikubali silaha yake mwaka wa 1982. Sehemu ya kushikia ni ya plastiki ngumu, na kasha lake huchukua risasi 17. Polisi wa Marekani waliipokea kwa wingi, na kampuni yenyewe ikaifanya kauli ya ukamilifu kuwa tangazo lake.

Hoja yangu si kwamba moja kati ya bastola hizi ni mbaya. Zote mbili zimethibitisha ubora wake kwa miaka mingi. Ninalolilalamikia ni kwamba shabiki wa kambi yoyote kati ya hizo hachagui tena, ameshachaguliwa. Bastola hufaa mkono au haifai. Mwenye kiganja kidogo huhitaji mpini mwembamba. Mwenye vidole visivyo na nguvu huhitaji ile ambayo haimchoshi kuvuta na kuachia. Anayetaka kuibeba kutwa kucha huhitaji nyepesi, na anayeiweka nyumbani anaweza kuvumilia nzito. Hayo ni mambo ya kupimwa mkononi na uwanjani. Mnunuzi mgeni akimwuliza shabiki, hatapimwa kiganja, atatajiwa jina. Ataondoka na bastola inayomfaa aliyemshauri, kisha siku ya mazoezi shabaha zikienda kombo, ataambiwa kwamba kosa ni la mkono wake.

Isitoshe, mwanadamu akishalipa fedha nyingi hupata kazi ya pili, nayo ni kuitetea hekima yake. Kukiri kwamba bunduki ina kasoro ni kukiri kwamba aliyeinunua alikosea. Ndipo mtu anapoigeuza chapa kuwa ukoo, na mwenye chapa nyingine kuwa hasimu.

Kwamba mapenzi haya mara nyingi ni ya kambi wala si ya ubora, kisa cha Smith & Wesson kinatosha kuthibitisha. Mwezi Machi mwaka wa 2000, kampuni hiyo ilitia saini makubaliano na serikali ya Rais Bill Clinton, ikaahidi, pamoja na mambo mengine, kuzitia bastola zake kufuli za usalama. Wamiliki wengi wa bunduki waliyaona makubaliano hayo kuwa usaliti, wakaisusia. Bastola zilikuwa zile zile. Chuma kilikuwa kile kile. Kampuni iliyokuwa imenunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 100 mwaka wa 1987 ikauzwa kwa dola milioni 15 mwaka wa 2001. Simlaumu mteja anayesusa kwa sababu ya msimamo wake. Hiyo ni haki yake. Ninachosema ni kwamba yule aliyesusa siku hiyo alituonyesha kwamba hata alipokuwa akinunua, hakuwa akinunua bastola peke yake.

Na hilo jina linalopiganiwa, je, ni la nani? Colt, inayotajwa kama nembo ya Marekani, ilifilisika mwaka wa 2015, na tangu mwaka wa 2021 imo mikononi mwa kampuni ya Jamhuri ya Cheki. Kiwanda cha New Haven kilichokuwa kikitengeneza bunduki za Winchester kilifungwa mwaka wa 2006. Leo hii jina Winchester ni mali ya kampuni ya Olin, ilhali bunduki zenyewe hutengenezwa kwa leseni na makampuni ya kundi moja la Ubelgiji. Mzee anayemwambia mjukuu wake, "Nunua Winchester, maana ndiyo iliyotulisha," anasema kweli kuhusu bunduki yake, lakini hasemi lolote kuhusu ile iliyo dukani.

Hadi hapa msomaji anaweza kuniambia kwamba hasara yote hii ni ya fedha na fahari. Laiti ingekuwa hivyo! Na tuitazame Remington, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1816, na bunduki yake ya uwindaji, Model 700, iliyotolewa mwaka wa 1962 na kupendwa na wawindaji wengi mno. Ndani ya mtambo wake wa zamani wa kufyatulia mlikuwa na kipande kidogo cha chuma kilichotegemea kurejea mahali pake barabara kila baada ya risasi kupigwa. Wakosoaji walieleza kwamba uchafu au kutu kikiingia katika upenyo ule, kipande hicho hakirudi sawasawa, na bunduki inaweza kufyatuka mtu anapokiondoa tu kizuio cha usalama, bila kidole kugusa kifyatulio. Nyaraka zilizotolewa katika kesi zilionyesha kwamba mbunifu mwenyewe alipendekeza badiliko tangu miaka ya 1940, badiliko ambalo lingegharimu senti tano na nusu kwa kila bunduki. Halikufanywa.

Mwaka wa 2000, katika jimbo la Montana, mama mmoja aliyetoka kuwinda na familia yake alikiondoa kizuio cha usalama ili aitoe risasi bundukini. Kwa maelezo yake, hakugusa kifyatulio. Bunduki ililia, na risasi ikampata mwanawe wa miaka tisa. Mtoto akafa. Baba yake alitumia miaka mingi baada ya hapo akikusanya nyaraka na kuwaonya wenzake.

Walimjibu nini? Kampuni ilishikilia kwamba bunduki zake ni salama na kwamba makosa ni ya watumiaji. Hilo halinishangazi, kwani kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kinachosikitisha ni kwamba wawindaji wengi, watu wasiopata hata ndururu kutoka kwa kampuni, waliitetea kwa sauti kubwa zaidi. Utetezi wao ulikuwa mmoja: "Yangu nimeitumia miaka 30, haijawahi kunitenda hivyo."

Walimu watanielewa nikisema kwamba hapa pana kosa la mantiki linalostahili kufundishwa darasani. Aliyevuka mto mara mia bila kuumwa si shahidi kwamba mto hauna mamba. Kasoro inayojitokeza mara chache kati ya mamilioni ya bunduki haiwezi kukanushwa na bunduki moja iliyotulia. Mmiliki yule anatoa ushahidi wa kweli kuhusu bunduki yake, kisha anautumia kumziba kinywa mzazi aliyefiwa.

Mwisho wa yote, mahakama ya shirikisho iliidhinisha mapatano mwezi Machi mwaka wa 2017. Bunduki takriban milioni 7.5 zilihusika, na wamiliki wengi wakaahidiwa kubadilishiwa mtambo bila malipo, ingawa kampuni haikukiri kosa. Kufikia wakati wa kuidhinishwa, madai yaliyokuwa yamewasilishwa yalikuwa kama 22,000, yaani hayakufika hata matatu kwa kila bunduki elfu moja. Sitadai kwamba wote walionyamaza walizibwa masikio na mapenzi. Wengi hawakupata habari. Bunduki nyingine zilirithiwa au kuuzwa mkono kwa mkono, na hakuna aliyejua zilipo. Lakini kampuni ikipiga mbiu kwamba njooni tuwatengenezee bure, nayo mbiu ikapokewa na watu walioamini kwa miaka 50 kwamba ubovu huo ni uzushi wa maadui, nani atatoka nyumbani?

Jambo hili halikuishia hapo. Mwezi Januari mwaka wa 2017, jeshi la Marekani liliichagua bastola ya SIG Sauer iitwayo P320 iwe msingi wa bastola yake mpya. Agosti mwaka uo huo, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zile zilizouzwa kwa raia zingeweza kufyatuka zikianguka kwa namna fulani, kampuni ilitangaza mpango wa hiari wa kuzirekebisha. Kisha zikafuata kesi za watu waliodai kwamba bastola zao zilifyatuka zenyewe zikiwa katika ala. Kampuni imekana, lakini mwaka wa 2024 wazee wa mahakama katika majimbo ya Georgia na Pennsylvania waliamua kwamba walalamishi wawili walipwe fidia. Sikiliza mjadala wa mashabiki uone ajabu. Wapenzi wa SIG huamini kwamba kila aliyejeruhiwa alikuwa mzembe. Wapenzi wa Glock hushangilia kana kwamba timu yao imefunga bao. Wachache sana huuliza swali la pekee lenye maana: mtambo ule hufanya kazi vipi, na nini kinaweza kuuharibu?

Nisije nikaonekana kama ninayepinga kila uaminifu, na niseme upande wa pili. Kuna uaminifu wenye akili. Askari aliyezoea silaha moja huijua gizani, na kubadilisha chapa humlazimu kununua ala na makasha mapya na kuufundisha mkono upya. Hiyo ni sababu nzuri ya kubaki. Tena kuna wateja walioipenda chapa bila kufumba macho. Mwaka wa 1964 Winchester ilibadilisha bunduki yake ya Model 70 ili ipunguze gharama. Wateja wake waliona mara moja kwamba kazi imepungua ubora, wakasema waziwazi, wakawa wakizitafuta zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo hata kwa bei ya juu. Mnamo mwaka wa 1992 kampuni ilirudisha namna ya zamani. Hao waliipenda Winchester kuliko waliovumilia kila kitu, maana waliipenda kazi yake, na jina likawa alama tu ya kazi hiyo.

Tofauti basi iko wapi? Iko katika swali moja ambalo mnunuzi anaweza kujiuliza: ni habari gani ikinifikia nitaiacha chapa hii? Mwenye jibu ni mteja. Asiye na jibu ni mfuasi, na mfuasi hapewi bidhaa njema kwa sababu hana haja ya kushawishiwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kibaya kilichopata mashabiki hakihitaji hata kujitembeza, kwani hubebwa mabegani.

Wanafunzi wetu wengi hawatanunua bunduki, na heri iwe hivyo. Lakini watanunua simu, dawa, gari na mbegu za kupanda, na huko nako majina yanawangojea. Mwalimu aliye na dakika kumi za ziada na awaulize: funikeni jina la kitu mkipendacho, mtakisifu kwa lipi? Aibu ya kukosa jibu darasani ni ndogo. Yule mama wa Montana alikipata chake nyikani, kutoka kwa bunduki ambayo maelfu waliapa kwamba haina kasoro.