Gari Liitwe Kwanza, Padri Afuate

Juma hili tunatafakari kazi ya tabibu wa kiharusi, na ile sehemu ya kazi hiyo asiyoweza kuitimiza pasipo sisi.

Mmoja wa matabibu walioifanya kazi hiyo nchini mwetu ni Daktari Richard Walker wa Uingereza. Kati ya mwaka 2003 na 2006, yeye na wenzake Watanzania, akiwemo Profesa Ferdinand Mugusi, waliwatafuta wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na jijini Dar es Salaam. Hawakungoja waletwe hospitalini. Habari zilikusanywa vijijini na mitaani, na pale mgonjwa alipokuwa amekwisha kufariki, ndugu zake walihojiwa. Walipatikana wagonjwa 636. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: kwa mwaka, katika kila watu 100,000, Hai walipatwa wapatao 109 na Dar es Salaam wapatao 316, tofauti za umri zikiwa zimezingatiwa.

Utafiti mwingine wa miaka hiyo uliuliza watu wanadhani kiharusi hutoka wapi. Wengi wetu tungetazamia kijiji kitaje uchawi na mji utaje maradhi. Ikawa kinyume: mapepo na uchawi vilitajwa zaidi Dar es Salaam. Basi asiwepo wa kuwacheka watu wa Handeni na Korogwe.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa kabla ya kupita saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja ubongoni. Mgonjwa wa kijijini Handeni anayengoja pikipiki, kisha gari la Korogwe, kisha safari ya Tanga mjini, muda huo waweza kumwishia njiani. Akipelekwa kwanza kwa mganga, au hata kanisani kwetu kuombewa, humwishia kabla ya kuondoka. Na hata dawa hiyo ikikosekana, kuwahi kuna faida: mgonjwa hupimwa kama aweza kumeza kabla ya kupewa uji, asije akapaliwa.

Je, twapunguza imani? Hasha! Mpako wa Wagonjwa hutolewa hata wodini. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, gari liitwe kwanza, padri afuate.

Bingwa husoma miaka mingi, naye hukaa mbali nasi. Lakini chanzo kikuu cha kiharusi, yaani shinikizo la damu, hupimwa na muuguzi wa zahanati kwa dakika chache. Tunapendekeza kila jumuiya ndogo ndogo imwalike muuguzi huyo pamoja na kipimo chake. Na aliyeandikiwa vidonge asiviache kwa kuwa anajisikia vizuri. Hiyo presha huua pasipo kuuma.

Tutafakari, kisha tutende.