HESABU ZA BAHARI YETU ZI MIKONONI MWA NANI?



Kila itiapo nanga meli ya utafiti, wakubwa wetu hupanda ngazi, huonyeshwa mitambo, hunywa chai, hupigwa picha, kisha huteremka wakisema: "Tumefaidika." Tumefaidika na nini? Na chai?

Tuitazame kazi ya chombo kile. Chini ya mkuku wake mna mtambo upelekao sauti majini. Sauti hiyo hwenda kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, ikagonga sakafu ya bahari au kundi la samaki, ikarejea. Kwa muda wa kurejea hujulikana kina, na kwa nguvu yake hukisiwa wingi wa samaki. Mkondo wa Pemba, wenye kina cha mita zipatazo 800, bildi ya nahodha wetu haiufikii chini. Wao huupima huku wakienda. Tena huteremsha kwa waya chombo kipimacho joto, chumvi na kina, mara 24 kwa kila sekunde, kimezungukwa na chupa zifungwazo kwa amri itokayo juu, kila moja na maji ya kina chake.

Hatuna ugomvi na elimu. Lakini mwenye hesabu hizo, siku ya kuuziana leseni za uvuvi, hukaa mezani akiijua thamani ya mali, nasi tukibahatisha.

Na haki tunayo! Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ulioridhiwa na Tanzania 1985, wasema katika kifungu cha 249 kwamba wataalamu wetu wapande melini bila ya kuchangia gharama, tupewe hesabu na sampuli, tusaidiwe na kuzifasiri. Ila kisomeni na cha 252: Serikali iliyoletewa khabari za safari isipojibu katika miezi 4, meli yaweza kuanza kazi miezi 6 ikitimia. Kimya chetu kimefanywa ridhaa, kama cha bikira aulizwapo posa! Barua iliyolala katika mtoto wa meza yamtosha mgeni.

Ati hayawezekani? Meli ya Norwe, Dr Fridtjof Nansen, ilipima maji ya Tanzania 1982 na 1983, na taarifa ya 1984 iliandikwa na Wanorwe pamoja na wataalamu wa Tanzania.

Basi kila tawi limwulize mwakilishi wake: barua ngapi zimeletwa, zimejibiwa lini, nani wa kwetu aliyepanda, hesabu alizorudi nazo zimo katika kabati gani, na mvuvi wa Nungwi au wa Kojani aende wapi kuzisoma?