Omba Kuona Cheti Chake

Mama mpendwa, humpi fundi cherehani kitambaa chako kabla hujaona kazi yake. Je, mtoto aliyeacha kula na kucheza utampeleka kwa yeyote anayejiita mwanasaikolojia?

Mwanasaikolojia wa tiba si mtu wa semina ya siku tatu. Husomea shahada ya saikolojia, kisha ya uzamili, na kuhudumia wagonjwa chini ya uangalizi wa mkufunzi. Wala si daktari wa magonjwa ya akili, ambaye ndiye huandika dawa.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliunda Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia ili kusajili wenye sifa. Kabla hujamweleza siri za nyumba yako, omba kuona usajili wake. Aliyehitimu hatakasirika.