MGENI MPE JEMBE, USIMPE KELELE

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu msomaji, sisi watu wa Garsen tumeigeuza methali hii. Mgeni akiwa Mzungu, siku ya tatu bado tunamkalisha kiti cha mbele, na siku ya mia bado tunampigia kelele.

Hebu simama pale steji, njia za Malindi, Lamu na Hola zinapokutana, umtazame kijana aliyekuja kujitolea akishuka basi. Watoto mbio: "Mzungu! Hawayu!" Wa bodaboda anataka nauli mara mbili. Muuza maembe naye anapandisha bei. Halafu barazani huyo huyo anapewa soda na kuombwa maoni kabla ya wazee, ilhali Mto Tana kauona jana tu! Je, hiyo ni heshima? Kwa maoni yangu, sokoni tunamfanya mfuko na barazani tunamfanya mfalme. Pote hatujamfanya mtu.

Si jambo geni. Wamisionari wa Kijerumani walifika Ngao mwaka 1887, wakajifunza Kipokomo. Vijana wa Peace Corps ya Marekani walianza kuja Kenya miaka ya 1960, na hadi shughuli zao ziliposimamishwa mwaka 2014 kwa sababu za usalama, zaidi ya 5,000 walikuwa wamepita nchini. Basi mshangao huu wetu utakwisha lini?

Wenzangu husema, "Ah, waache watoto wafurahi, kwani ni tusi?" Kweli, si tusi. Lakini namfahamu mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekaa huku mwaka mzima. Alizungumza Kiswahili hata cha utani, na bado watu waliokula naye sahani moja walimwita kwa rangi yake. Aliniambia kazi haikumchosha wala jua halikumchosha. Kilichomchosha ni kwamba hakuweza kwenda dukani kununua chumvi bila msafara.

Na hasara ni yetu pia. Mafuriko ya mwaka 2023 na 2024 yalipotuhamisha, vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, wakiwemo wana wa hapa hapa, walifanya kazi kubwa. Nani aliwakimbilia njiani kuwashangilia? Mtoto anayeona wageni tu wakishangiliwa atakua akiamini kwamba msaada hushuka na basi kutoka mbali.

Nawaomba wanachama wenzangu tuanze sisi. Tukikutana na mgeni, tumsalimie kwa Kiswahili, tumwulize jina, tumwuzie embe kwa bei ya kila mtu. Naye mgeni asijifiche nyuma ya gari la mradi. Ajifunze salamu, akosee, tucheke pamoja. Kisha tumpe jembe, na sisi tushike la pili tulime naye.