Hiyo karatasi mlangoni ina siku 14

Leo nataka tuongee jambo ambalo huwa halina kelele mtandaoni mpaka siku tingatinga limefika, na siku hiyo huwa tushachelewa.

Mwaka juzi shangazi yangu alinipigia simu baada ya Magharibi. Wazijua zile simu za mama zetu zisizosema kitu. "Njoo tu mwanangu, njoo." Nilipofika akanitolea karatasi aliyokuwa ameificha chini ya kitambaa cha televisheni. Ilikuwa na muhuri wa kaunti. Ilisema kwamba vyumba vitatu alivyojenga uani vimejengwa bila kibali, na avibomoe kwa muda wa siku saba. Nikamuuliza imekuja lini. "Waliibandika mlangoni Jumatatu ya wiki ile nyingine. Hawakugonga hata." Nikahesabu kwa vidole. Siku ya kumi na moja.

Vyumba vile ndio uhai wake. Mume alifariki, pensheni hana, na wapangaji watatu ndio wanaolipa karo ya binti yake na dawa za sukari. Alivijenga kidogo kidogo, mfuko wa simiti leo, mabati mwezi ujao, na fundi wa mtaani. Kibali? Hakuna aliyemwambia kuna kitu kama hicho, na wallahi hata mimi niliyesoma sikuwahi kumuuliza.

Sasa sikiza ushauri aliokuwa amepewa kwa zile siku kumi na moja. Jirani alimwambia amwone fulani pale ofisini, "atamalizia." Binamu yangu akataka kurekodi video amtaje gavana. Mzee mmoja akamwambia anyamaze, hao hawarudi. Si mmoja, si wawili, si watatu aliyemwambia kwamba karatasi ile hukatiwa rufaa.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Ni ya nchi nzima, kwa hivyo haijalishi uko Majengo, Eastleigh, Garissa ama Mumias. Kifungu cha 57 chasema hakuna kuanza ujenzi bila kibali cha kaunti. Kifungu cha 72 kinaipa kaunti nguvu ya kumletea notisi mwenye nyumba, anayekaa ndani, wakala wake ama anayejenga. Hadi hapo kila mtu anajua, manake hiyo ndiyo sehemu wanayotusomea. Lakini endelea chini kidogo kwenye kifungu hicho hicho cha 72. Aliyeletewa notisi na hakuridhika ana siku 14 tangu alipoletewa kukata rufaa mbele ya Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Ardhi ya kaunti. Kamati nayo imepewa siku 30 kusikiza na kuamua. Ukiuliza dirishani na karani akakutolea macho, taja kifungu cha 72 na useme wataka kuwasilisha rufaa ya notisi. Ataelewa.

Hapa ndipo shangazi alipopotelea, na naona wengi hupotelea hapo. Notisi ilisema siku saba. Siku saba zikapita. Akadhani yamekwisha. Zile saba ni muda aliopewa na kaunti wa kubomoa. Zile 14 ni muda aliopewa na sheria wa kubisha. Ni hesabu mbili mbali mbali, na ya pili haifutwi na ya kwanza.

Lakini usijidanganye pia. Kutotii notisi ni kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi 500,000, ama kifungo, ama vyote viwili. Kwa hivyo kungoja siku ya 14 ukiwa umekaa barazani si mpango. Andika rufaa mapema, na ndani yake omba kwa maneno wazi kabisa kwamba notisi isitekelezwe mpaka rufaa isikizwe. Kisha peleka nakala ya rufaa iliyopigwa muhuri kwa ofisi ile ile iliyokutumia notisi, ili wasije wakasema hawakujua.

Rufaa yenyewe si lazima iwe na Kizungu cha mawakili. Sisi tuliandika kurasa mbili. Notisi ni ya tarehe fulani, ililetwa siku fulani kwa njia hii, sikubaliani nayo kwa sababu hizi, naomba hivi. Sababu ndizo zinazohitaji akili. Je, notisi imesema ni jengo gani hasa? Nimewahi kuona notisi imeandikwa "majengo haramu" tu, kwenye kiwanja chenye nyumba kuu ya miaka arobaini na banda la kuku. Sheria inataka notisi itaje ujenzi unaolalamikiwa na hatua unazotakiwa kuchukua. Je, imemfikia mtu anayehusika? Je, wanataka ubomoe kila kitu wakati kasoro ingerekebishwa kwa kuongeza dirisha ama kusogeza ukuta? Je, ulipewa nafasi ya kujieleza? Kipengele cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kutendewa kwa njia ya halali na ya haki na ofisi yoyote ya serikali, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yako inapoguswa.

Na weka ushahidi wote hapo kwenye kamati. Picha, risiti za ada za ardhi, maelezo ya jirani, ripoti ya mhandisi ukiweza kumudu. Nasisitiza hili kwa sababu ukishindwa kwa kamati waweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, lakini kule unaruhusiwa hoja za sheria tu. Huwezi kufika na picha ulizosahau nyumbani.

Kuna vijana watasema, mbona tusiende mahakamani moja kwa moja? Nawaelewa, mahakama ina sauti nzito kuliko kamati isiyojulikana iko chumba gani. Lakini Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015, kifungu cha 9, inamtaka jaji akurudishe kama kuna njia ya ndani hujaitumia, isipokuwa una sababu ya kipekee. Utakuwa umemlipa wakili na siku 14 zimekwenda. Kama kaunti haina kamati inayokaa, hiyo sasa ni sababu, lakini utaithibitisha vipi kama hukujaribu? Peleka rufaa, wakatae kuipokea, waandikie barua kwamba wamekataa, na upate muhuri hata wa mapokezi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango wa jaji.

Kwetu sisi karani alisema kamati haipo. Binamu yangu akaanza kupandisha. Nikamwambia shuka chini ndugu yangu, hatujaja kupigana. Tukaomba atuandikie hivyo hivyo, kwamba kamati haipo, na aweke jina lake. Akaingia ndani, akakaa kama dakika ishirini, akatoka na muhuri. Siku ya kumi na tatu.

Mtauliza, si ungelipa kitu kidogo yaishe? Haramu yake mwaijua, sitawahubiria. Tuongee hesabu tu. Unayemlipa hana uwezo wa kuifuta notisi. Notisi imebaki kwenye faili. Yeye akihamishwa, anayekuja anaifungua faili na wewe huna risiti, huna rufaa, na siku 14 ziliisha ukingali unanunua soda. Umelipa ili upoteze haki yako.

Na video? Rekodi, ndiyo. Rekodi askari wa kaunti wanapokuja, saa wanazokuja, wanachovunja. Lakini video haihesabiwi kama rufaa.

Nije kwenye jambo gumu zaidi. Sisi watu wa Pwani tuna nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, unalipa kodi ya ardhi kwa mwenyewe ama wakala wake, na mambo yamekuwa hivyo tangu babu. Sasa ukienda kuomba kibali unaulizwa hati ya kiwanja. Huna. Mwenye ardhi naye hakubali kukupa barua ya idhini manake anajua ukijenga imara utakuwa mgumu kuondoka. Kwa hivyo mtu anajenga kimya kimya, halafu anaitwa mvunja sheria. Mimi nasema kaunti zinazojua kabisa kwamba mitaa mizima imejengwa hivyo zina wajibu wa kutafuta njia ya watu hawa kuomba kibali, badala ya kungoja wajenge ndipo zilete rangi nyekundu ya X. Ukikata rufaa na hali yako ni hii, iandike. Eleza umekaa miaka mingapi, unamlipa nani, uliomba idhini lini ukanyimwa. Anayekaa ndani amepewa nafasi na kifungu cha 72, hata kama hati si yake. Na ukiwa Mji wa Kale Mombasa, kumbuka lile ni eneo la hifadhi. Ukigusa roshani au mlango wa zamani, Makumbusho ya Taifa nayo inahusika.

Najua wengine watataja uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2021 katika kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi waliobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mwaka 2011. Ni uamuzi mkubwa na tuujue, ulitambua kwamba hata anayekaa kwenye ardhi ya umma bila hati anaweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa. Lakini ile ilihusu kufurushwa. Usiitoe mbele ya kamati kama kinga ya ukuta uliojenga juu ya mtaro wa jirani.

Manake na sisi tuna makosa. Aprili 2016 jengo liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, na zaidi ya watu 40 wakafa. Kibali si karatasi ya kutunyanyasa tu. Mahali fulani ndani yake kuna mtu anayetakiwa kuuliza kama nguzo zinabeba. Kinachotuuma ni kwamba swali hilo huulizwa kwa shangazi wa vyumba vitatu, na ghorofa saba mtaa wa pili linapanda bila hata ubao. Tuliseme hilo kwa sauti kwenye mabunge ya kaunti. Kwenye rufaa yako, lakini, "mbona yule" peke yake haitakusaidia sana.

Shangazi alisikizwa. Hakushinda yote. Chumba cha mwisho kilikuwa kimeziba njia ya maji ya jirani, na ukweli ni kwamba sote tulijua. Kile alikivunja mwenyewe, mabati na mbao akaziokoa. Viwili vilivyobaki alipewa muda wa kuleta ramani na kuomba kibali upya, na akatakiwa kuongeza madirisha. Ramani ilimgharimu, mchango wa familia ukapita, mpangaji mmoja akahama. Lakini karo ililipwa muhula ule.

Kama huna wa kukuandikia, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na Nairobi, na kuna wasaidizi wa kisheria mitaani wanaofanya kazi hii bila malipo. Wewe uliyemaliza fomu foo na simu yako ina kamera pia unatosha kuanza. Usiku huu muulize mamako, nyanyako, jirani mjane, kama kuna karatasi yoyote ya kaunti aliyoiweka mahali. Angalia tarehe iliyobandikwa, si tarehe iliyochapishwa peke yake, na uhesabu siku ile ile kama siku ya kwanza. Kisha kesho asubuhi saa mbili uwe dirishani, na nakala mbili.