Kiswahili Kirudishwe kwenye Kompyuta

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema Katanga, ana kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi huku Kakanda. Wateja humletea barua za kuomba kazi migodini zilizoandikwa kwa mkono, naye huzinakili neno kwa neno. Kifaransa anakisoma kwa shida, lakini mashine haimsumbui: menyu za Windows 10 yake ziko kwa Kiswahili, na utepe wa programu nimemwekea juu ya skrini, ndipo macho yake yanapopazoea.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Yaya ameniuliza kama ahamie Windows 11. Ningependa kumjibu ndiyo, kwa sababu kompyuta isiyopata marekebisho ya usalama ni mlango usio na komeo. Lakini akihamia, Kiswahili cha menyu atakiacha nyuma. Windows 10 ilikuwa na kifurushi chake. Windows 11 ilitoka mwaka 2021 bila hicho. Unaweza kuongeza Kiswahili kwa ajili ya kuandika, si kwa ajili ya menyu.

Utepe nao ulipoteza uhuru wake. Tangu Windows 95 mtu aliweza kuuhamishia juu au pembeni. Windows 11 ilipotoka ulifungwa chini. Watetezi wa uamuzi huo husema kwamba sehemu hiyo iliandikwa upya, na wanaouhamisha ni wachache. Sababu hiyo naielewa. Kila chaguo lina gharama ya kulijaribu na kulitunza, na fundi hawezi kubeba yote.

Hata hivyo, uchache una vipimo viwili. Anayependa utepe juu huudhika siku chache, kisha huzoea. Asiyesoma lugha ya menyu hazoei. Hukariri mahali pa vitufe, na kitufe kikihama anaanza upya. Tena, wasemaji wa Kiswahili si wachache. Katiba yetu ya 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Na kobalti ichimbwayo katika ukanda wetu huingia kwenye betri za kompyuta hizo hizo.

Je, kudai kunasaidia? Kunasaidia. Windows 11 iliondoa pia majina ya madirisha kwenye utepe, ikabakiza alama tupu. Watumiaji walilalamika mfululizo, na mwaka 2023 chaguo hilo likarudi. Sijaona madai ya namna hiyo kutoka kwetu kuhusu Kiswahili. Tulinyamaza, na anayenyamaza huhesabiwa kuwa hayupo.

Sisi wa kitivo cha lugha tuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika madai, kwa Kiswahili, kupitia programu ya maoni iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Ya pili ni kutafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, bila kungoja kampuni kubwa. Programu huria bado zinahitaji watafsiri.

Yaya nimemwomba asubiri kidogo. Sipendi jibu hilo, kwa kuwa kila mwezi wa kusubiri unaongeza hatari. Ndiyo maana naandika.